Chuma cha Barnaba Kwenye Foleni ya Kitambaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na ninyi mliosimama dirishani kwa kukosa nafasi! Mimi ni Mama Agnes. Wengi hapa mnanijua kwa mdomo wangu mkali, na sijaja kuukana. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa ufupi. Nitajitahidi, lakini aliyonitendea Mungu si mafupi, kwa hiyo mtanivumilia.

Nataka niwaeleze jinsi Mungu alivyonitoa kwenye chuki. Alitumia vitu viwili tu: neno moja la Kiingereza na kipande cha chuma. Mnacheka? Chekeni tu. Mimi nikikumbuka sicheki mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, miaka ya foleni. Tulikuwa tumepanga Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, kwenye nyumba ya vyumba vya kutazamana, ukumbi katikati na ua nyuma. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Salimu, Mwarabu aliyezaliwa hapo hapo Kariakoo, na duka lake lilikuwa pale barazani mbele. Mlango wangu ulitazamana na mlango wa Zainabu. Mimi natoka Masasi, yeye Lindi, na mjini humu mtu wa kusini akimwona mtu wa kusini amemwona ndugu. Akipika muhogo ananiletea, nikipata mbaazi namgawia. Alikuwa akiishi na mama yake, Bi Somoe, mama wa watu mpole kabisa, aliyemfundisha binti yangu Agnes kusuka ukili wa mikeka akiwa bado hajaanza shule.

Mume wangu alikuwa Barnaba, fundi wa chuma kwenye karakana moja ya Gerezani. Ule ulikuwa wakati wa shida ya vipuri. Karakana ikikosa vipuri mafundi wanarudishwa nyumbani wasubiri, na Barnaba hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa anachukua nyundo yake anakaa uani, anatengeneza majiko na ndoo za watu. Kelele zilikuwepo, siwezi kudanganya kanisani. Bi Somoe alikuwa anaumwa kichwa mara kwa mara, na Zainabu akalalamika, Barnaba akapunguza, kesho akasahau akaanza tena. Yalikuwa maneno ya kawaida ya watu wanaotumia ua mmoja.

Sasa sikilizeni. Siku zile serikali ilikuwa inataka kila mtu awe na kazi, na waliokuwa wanazurura mjini walikuwa wanakusanywa na kupelekwa vijijini kulima. Asubuhi moja mimi niko sokoni, watu wa msako wakafika nyumbani kwetu. Barnaba alikuwa anaoga uani, na kitambulisho chake kilibaki karakana. Aliyekuwa mlangoni ni Zainabu. Wakamwuliza yule mwanamume wa uani anafanya kazi wapi. Ndugu zangu, sentensi moja tu ilitosha! Angesema, "Huyo ni fundi, karakana yao inasubiri vipuri," mambo yangeishia hapo. Zainabu akasema, "Huyo? Hana kazi. Kazi yake kutupigia kelele."

Habari hii sikuiokota mtaani. Mzee Salimu aliisikia kwa masikio yake kutoka dukani, akatoka mbio kuwaeleza wale watu ukweli, wakamwambia akae kando. Nilirudi na kikapu changu nikakuta maji ya kuoga bado yako kwenye ndoo, na nyundo ya Barnaba iko chini, mpini wake umevunjika katika kukurukakara ya kumchukua.

Nilizunguka ofisi hii na ile, nikaambiwa subiri. Nikasubiri. Huko kijijini walikompeleka, upande wa Rufiji, alipatwa na homa wakati wa mvua, barabara ikiwa imekatika, akafa. Habari aliileta mwenzake waliyekuwa wakilala chumba kimoja. Akaniambia wamemzika vizuri, kwa maombi, ila sanda haikupatikana. Walimviringisha katika blanketi la mtu.

Sikumwona. Sikumwosha. Mume wangu alikwenda kaburini na blanketi la kuazima, kwa sababu ya kelele za nyundo!

Basi nikamchukia Zainabu. Na mimi nikichukia sichukii kidogo. Akiwa bombani nasubiri aondoke ndipo nikateke maji. Akinisalimu nageukia ukuta. Nilihamisha jiko langu uani nikaliweka kwenye kona nisipoweza kuona hata kivuli chake, nikawa napikia kwenye moshi unaonirudia machoni mwenyewe. Kuhama nyumba sikutaka, maana nilitaka anione kila siku. Kile kichwa cha nyundo nilikiweka juu ya kizingiti cha mlango wangu, mahali ambapo Zainabu akifungua mlango wake asubuhi ndicho anachokutana nacho. Miaka ikapita hivyo. Tumbo likaanza kuniuma, nikawa siwezi kumaliza sahani ya ugali. Kanisani nilikuwa naimba vizuri tu, lakini tukifika kwenye ile sala, pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilikuwa nafunga mdomo. Sikutaka kumdanganya Mungu mbele ya watu.

Siku hizo kulikuwa na masomo ya watu wazima kila mahali. Nilishajua kusoma, lakini nikasikia kuna mwalimu mstaafu, Mwalimu Damas, anafundisha Kiingereza jioni kwenye darasa la shule ya msingi jirani na Mnazi Mmoja. Nikajiandikisha. Msidhani nilikuwa na hamu ya Kiingereza. Nilitaka tu saa ya kupika uani inikute niko mbali na Zainabu.

Jioni moja Mwalimu Damas alikuwa anatufundisha maneno ya kuomba radhi. Akaandika neno moja ubaoni, akasema maana yake ni kusamehe, tulirudie wote. Wenzangu wakarudia. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, mimi hilo neno silitaki, nipe lingine." Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinitazama kidogo, akafuta maneno mengine yote, akaliacha lile peke yake katikati ya ubao: forgive.

Akasema, "Mama Agnes, hulitaki kwa sababu hulijui. Ngoja nikujulishe."

Akatueleza kwamba neno lile ni kongwe sana, lilitumika tangu wakati Waingereza bado ni watu wa vijijini wanaochunga kondoo kwenye baridi. Ndani yake mna vipande viwili. Cha nyuma, ambacho hata sisi wanafunzi wa jana tulikifahamu, ni kutoa, kumpa mtu kitu. Cha mbele, katika lugha yao ya zamani, kilikuwa kinatia nguvu: kabisa, mpaka mwisho, bila kubakiza. Wamisionari walipowafikia na Kilatini cha kanisa, wakawakuta hawana neno la jambo hili jipya. Kilatini kilikuwa nalo lililojengwa hivyo hivyo, kutoa kabisa, na hilo ndilo lililowaletea baadaye neno lao la pili, pardon. Basi wale wachunga kondoo wakachukua vipande vya lugha yao wenyewe wakajenga la kwao. Mwalimu akaweka chaki chini, akasema, "Kwa hiyo huyu anayesamehe, kwa mawazo yao, ni mtu anayetoa zawadi na hashiki ncha yake hata kidogo."

Ndugu zangu, nilisikia baridi mgongoni. Kariakoo, kwenye joto lile! Nilitoka darasani nikavuka viwanja vya Mnazi Mmoja bila kuona watu. Nilikuwa siku zote nikidhani kusamehe ni kusema halikuwa jambo, ni kusahau, ni kumwambia Zainabu hakukosa. Na alikosa! Kama hakukosa, ningemsamehe kitu gani? Kumbe hakuna aliyeniomba niseme uongo. Nilikuwa naambiwa nitoe.

Nikafika nyumbani, Mzee Salimu alikuwa anafunga duka.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamwuliza, hili neno letu la kusamehe limetoka wapi. Akastaajabu kidogo, akasema limekuja na Kiarabu, na huko kwa babu zake shina lake ni ukarimu. "Mtu wa namna hiyo ni mtu wa mkono uliofunguka," akasema, akanionyesha kiganja chake. Kisha akatazama ndani kuelekea vyumba vyetu, maana alijua alikuwa anazungumza na nani.

Nilikaa kitandani nikashindwa hata kuvua kanga. Hawa wanatoka kwenye baridi na kondoo zao, hawa wanatoka jangwani na ngamia. Hawakukaa baraza moja. Hakuna aliyeazima kwa mwenzake. Na wote walipofika kwenye jambo hili wakakuta mkono unaotoa! Ni nani aliyewaambia? Nilimwogopa Mungu siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kumwogopa. Niliona kama alikuwa ametangulia kufika kila mahali, akaweka kitu kile kile katika vinywa vya watu, akijua kwamba ipo siku mwanamke mmoja wa Masasi mwenye kiburi atakuja kukikuta.

Lakini sikusamehe, msije mkanisifu mapema. Nilimwambia Mungu, "Nimekusikia. Ila mkono wangu hauna cha kumpa Zainabu. Alishachukua."

Mwaka huo Agnes alikuwa anapata Kipaimara. Nguo nyeupe ilihitajika, na kitambaa kilikuwa kimeadimika kweli kweli, mtu akivaa shati jipya watu wanamwuliza kama ana mjomba bandarini. Wiki ile ile ya Kipaimara tukasikia duka la ushirika limepata kitambaa cheupe na litauza kesho yake asubuhi. Ninyi vijana hamjui foleni za wakati ule zilivyokuwa. Mtu hakusimama mwenyewe muda wote, angepika nani? Unaweka jiwe lako kwenye mstari, au tofali, au kandambili iliyokatika, unakwenda kwenye shughuli zako, na jiwe linasimama badala yako. Na jiwe la mtu liliheshimiwa! Hakuna wa kulisogeza wala kulitupa, na hakuna wa kuigawa nafasi ile isipokuwa mwenye jiwe mwenyewe. Wengine wakaweka mawe. Mimi nilichukua kile kichwa cha nyundo ya Barnaba juu ya kizingiti, nikakiweka mbele, karibu na mlango wa duka. Kila mtu wa mitaa yetu alikijua.

Alfajiri nikaamshwa na kilio cha Zainabu. Bi Somoe alikuwa amefariki.

Nilikaa nikasikiliza, ukuta ni mwembamba. Wapangaji wengine walikwenda kumshika mkono. Mimi nikanawa uso, nikajitanda kanga, nikapita mbele ya mlango wake ulio wazi, nikaenda kwenye foleni. Bi Somoe, aliyemfundisha mtoto wangu kusuka! Nikapita.

Duka lilipofunguliwa muuzaji akatoka akatuambia mapema kwamba mzigo ni mdogo, walio nyuma wasijipe moyo. Waliokuwa mbele yangu wakaingia mmoja mmoja. Hapo nikasikia watu wakinong'ona kwamba Mzee Salimu amezunguka Kariakoo nzima kutafuta sanda na hakuna. Kila duka limekauka. Na maiti ya Kiislamu hailazwi, inatakiwa izikwe siku ile ile.

Mara nikamwona Zainabu mwenyewe. Amekuja miguu peku, kanga imemvuka kichwani, mtu wa kumtuma amekosa. Alikuwa hana mume wala kaka. Akafika mkiani mwa foleni, akawaeleza watu, nao wakamwonea huruma wakawa wanampisha, pita mama, pita, pole kwa msiba, mpaka akafika mbele. Akaona kile chuma.

Alisimama. Akainua macho akaniona mimi. Aligeuka, akaanza kurudi zake.

Muuzaji naye alikuwa ameona. Akasema, "Kilichobaki ni kitambaa cha mwisho. Kwa msiba naweza kumpa chote nisimpimie. Lakini foleni ni foleni. Mwenye chuma ndiye anayejua."

Watu wote wakanitazama.

Ndugu zangu, niliwaza nini? Nisiwafiche. Niliwaza blanketi. Nikasema moyoni, mume wangu alizikwa na blanketi la kuazima, acha na wa kwake azikwe na chochote, ajue lilivyo. Nilikisikia kichwa cha nyundo kinagusa vidole vya mguu wangu, cha baridi kwa umande. Halafu nikajionea huruma, nikawaza, basi nimpe nusu. Nusu ya sanda, nusu ya gauni la Agnes. Mungu ataridhika, na watu watanisifu.

Nusu! Hapo hapo nikaliona lile neno katikati ya ubao mweusi, peke yake, na sauti ya Mwalimu Damas ikisema mpaka mwisho, bila kubakiza. Nikaelewa kwamba nimekosea kumwambia Mungu mkono wangu hauna kitu. Alikuwa ameujaza. Ameniweka mbele ya mlango ule, na cha mwisho kilichobaki katika Kariakoo yote kiko mikononi mwangu, na ni sanda! Kitu kile kile nilichonyimwa ndicho nilichopewa nikitoe. Nywele zilinisimama. Nilijua sisimami mbele ya duka.

Nikaita, "Zainabu!" Jina hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwangu tangu Barnaba afe.

Akageuka.

"Njoo usimame hapa. Hapa ni pako."

"Na Agnes?" akasema. Alijua. Nyumba ile hakuna asiyejua la mwenzake.

"Njoo, maiti inasubiri."

Akaja. Nikatoka kwenye mstari akasimama mahali pangu, miguu yake kando ya kile chuma. Muuzaji alimpa kitambaa chote. Nilidhani nitalia, sikulia. Niliogopa tu, kwa furaha, kama kuna mtu mkubwa amepita karibu yangu akanigusa bega. Na tumbo langu, ndugu zangu, lile tumbo, nililisikia limelegea kama kamba iliyofunguliwa.

Nilirudi nyumbani mbele yake. Nikachukua ndoo, nikaenda kwenye bomba lile lile la ugomvi, nikateka maji ya kumwoshea Bi Somoe, ndoo baada ya ndoo, wanawake wananitazama kama nimeshikwa na wazimu. Hawakuthubutu kuniuliza.

Waliporudi kutoka makaburini na watu kupungua, Zainabu alinifuata uani. Akakaa chini, sakafuni. Akasema, "Mama Agnes, siku ile nilijua ana kazi. Nilisema kwa makusudi. Nilikuwa na hasira."

Nikamwambia, "Najua."

"Sikujua watampeleka mbali. Sikujua atakufa."

"Hilo pia najua. Nimeshatoa, Zainabu. Nilitoa kabla hujaniomba."

Hapo ndipo tulipolia, wote wawili, mpaka Mzee Salimu akaja kutuambia kahawa ya wageni inaungua.

Mnauliza Agnes alivaa nini? Nilikuwa na sanduku la bati ambalo nilikuwa silifungui. Ndani mlikuwa na shati jeupe la Barnaba, la harusi yetu. Nililificha mle kama vile nimemficha yeye. Jumamosi nikalifungua, nikalitia mkasi. Zainabu, ambaye matanga ya mama yake yalikuwa bado hayajaisha, alikaa upande wa pili wa kitambaa akashona pindo kwa mkono. Siku ya Jumapili binti yangu alipiga magoti mbele ya askofu akiwa amevaa shati la baba yake. Na ile sala tulipoifikia, nilifungua mdomo nikaisema yote.

Wiki moja baadaye ndipo nilipokumbuka kile chuma. Nilikuwa nimekiacha kwenye foleni! Nikaenda dukani. Nilikikuta, foleni ya sukari imekizunguka, na mama mmoja nisiyemfahamu amekiweka kimshikie nafasi yake. Nilimtazama, nikakitazama. Nyundo ya Barnaba, ndugu zangu. Nilitaka kusema ni changu, neno likafika ulimini, likarudi. Nikaenda zangu.

Namshukuru Mungu wangu aliyenifungua! Namshukuru kwa wachunga kondoo wale wa zamani, ambao sijui hata majina yao, na kwa Mwalimu Damas na chaki yake. Zainabu yu hai, ni mzee kama mimi, na muhogo bado ananiletea.

Na wewe uliyekaa hapo na jiwe lako, nakujua, maana nilikuwa wewe. Kila asubuhi unalitazama kama lipo. Mwenye jiwe ni wewe, hakuna mwingine wa kukutolea, hata mchungaji hawezi, hata sisi tukuombee mpaka jioni. Mwamini Mungu huyu. Usimpe nusu. Liache kwenye foleni, uende nyumbani.